Baiskeli ya Milimani Imetoka Sandukuni, Sasa Je?

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa watu walionunua baiskeli ya milimani juzijuzi na sasa wanashuku wameuziwa mbovu. Wengi hawajauziwa mbovu. Baiskeli mpya ni vyuma vilivyokutana hivi karibuni: nyaya hazijakaa, spoku hazijatulia, breki hazijajifunza kuuma, na kule kiwandani hakuna aliyejua urefu wa miguu yako wala uzito wako. Tumezipanga barua kwa mfuatano wa kazi yenyewe, kwa hiyo ambaye bado hajafungua sanduku aanzie juu.

SWALI: Baiskeli imeletwa ikiwa imefungwa nusu. Pedeli ya kulia imeingia vizuri, ya kushoto inakataa. Nimeilazimisha mzunguko mmoja nikaogopa. Tena nikikata kona, kiatu kinagusa gurudumu la mbele. Nimepewa saizi ndogo? — Mwenye Sanduku

JIBU: Itoe hiyo pedeli kabla ya kuendelea kusoma. Hesi za pedeli ya kushoto zimekatwa kinyume, kwa hiyo huingia kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Si kosa la kiwanda. Ekseli ya pedeli ikibebeshwa uzito huku krenki, ule mkono unaobeba pedeli, inazunguka, hujaribu kujifungua kidogo kidogo. Hesi zikikatwa hivyo, kila upande hujikaza badala ya kujilegeza. Pedeli zenyewe huandikwa L kwa kushoto na R kwa kulia. Herufi zikifutika, shika hili: zote mbili hufungwa kwa kusukuma sehemu ya juu ya spana kuelekea mbele ya baiskeli, na hufunguliwa kuelekea nyuma.

Ekseli ya pedeli ni chuma kigumu, mkono wa krenki mara nyingi ni aluminiamu. Vikigombana, aluminiamu ndiyo inayoumia. Mzunguko mmoja huenda umekwaruza hesi ya kwanza tu. Futa tundu kwa kitambaa, paka grisi kwenye hesi za pedeli, uianzishe kwa vidole bila spana. Iingie mizunguko mitatu au minne kwa vidole vitupu. Ikigoma, inaingia upande. Irudishe uanze upya. Ikiwa haishiki kabisa, fundi apitishe kwanza kifaa cha kukatia hesi, maana ukiendelea kulazimisha utanunua krenki. Ikishaingia, ikaze kwa spana ya 15, au alenki ya 6 au ya 8 kutegemea pedeli, kwa nguvu ya Nm 35 hadi 40 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Asiye na spana ya kupimia nguvu aichukulie hivi: ni sawa na kuning'iniza kilo 18 hadi 20 kwenye ncha ya spana ya sentimita 20.

Kuhusu kiatu, usilaumu saizi bado. Simama upande wa kushoto uitazame foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Kalipa, kile kidude kinachobana diski ya breki, inatakiwa kuwa nyuma ya mguu wa kushoto wa foku. Ikiwa iko mbele, foku imefungwa kinyumenyume. Kosa hili ni la kawaida, kwa kuwa usukani na foku hugeuzwa ili vitoshee sandukuni, na anayefungua hanyooshi kilichogeuzwa. Legeza stemu, kile kipande kinachounganisha usukani na foku, geuza foku nusu mzunguko huku ukichunga bomba la breki lisijizungushe shingoni, kisha nyoosha usukani. Usitumie lile daraja linalounganisha miguu ya foku kama alama. Wapo watengenezaji wanaoliweka nyuma kwa makusudi. Kama kalipa iko mahali pake na bado ncha ya kiatu inagusa, hilo hutokea kwenye fremu ndogo zenye magurudumu ya inchi 29, na huonekana tu ukikata kona kali kwa mwendo wa taratibu.

Kabla hujapanda, tazama gurudumu la mbele. Kama ni la wenzo wa kufungia haraka, usiuzungushe ule wenzo kama nati mpaka ukwame. Unazungusha nati ya upande wa pili, wenzo ukiwa wazi, mpaka ufike mahali ambapo wenzo unaanza kukinza ukiwa umechomoza sawasawa na ekseli. Hapo unausukuma kwa kiganja mpaka ulale. Ukiinua mkono, kiganja kibaki na alama yake. Ukilala kwa kidole kimoja, gurudumu halijafungwa. Halafu jaribu mikono ya breki ukiwa umesimama: upi wa mbele, upi wa nyuma? Mpangilio hutofautiana nchi na nchi, na mteremkoni si mahali pa kugundua.

SWALI: Nikibana breki ya mbele nasikia "tok" chini ya usukani. Nimekaza bolti ya juu kabisa mpaka usukani ukawa mgumu kugeuka. Siku mbili baadaye tok imerudi. — Shingo Ngumu

JIBU: Bolti hiyo ya juu haishiki usukani. Kazi yake ni moja: kuisukuma stemu chini ili beringi za shingo zibanwe kiasi cha kutosha. Kinachoshika ni bolti mbili za pembeni mwa stemu, zile zinazobana bomba la foku. Ukikaza ya juu huku za pembeni zimekazwa, unapambana na stemu isiyoweza kushuka. Ukiikaza ya juu kupita kiasi huku za pembeni zimelegea, unazisaga beringi.

Utaratibu ni huu. Legeza bolti mbili za pembeni. Legeza na ya juu, kisha uikaze taratibu, robo mzunguko kwa robo. Kila robo, bana breki ya mbele, weka kidole cha mkono wa pili pale fremu inapokutana na kikombe cha chini cha beringi, na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Kidole kitasikia mchezo mdogo ambao jicho halioni. Mchezo ukiisha tu, acha. Inua gurudumu la mbele: usukani uanguke wenyewe kulia na kushoto bila kusita. Nyoosha stemu kwa kuipima na tairi, kisha kaza bolti za pembeni kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, hadi Nm 5 au kiasi kilichoandikwa kwenye stemu yenyewe. Nm 5 ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: ni kilo 5 kwenye ncha ya alenki ya sentimita 10, yaani nguvu ya vidole, si ya bega.

Bolti nne za mbele zinazoshika usukani nazo zikazwe kwa kuvuka, kama herufi X, mpaka mwanya wa juu na wa chini ulingane. Zipo stemu zilizotengenezwa ili mwanya wa upande mmoja ufungwe kabisa kwanza. Zikiwa hivyo huandikwa.

SWALI: Fundi alinishushia kiti ili niweze kuweka nyayo zote chini nikiwa nimekaa. Baada ya nusu saa magoti yanauma kwa mbele. — Mama wa Wawili

JIBU: Pole, dada. Fundi alikuwekea kiti cha kusimamia, hakukuwekea cha kupigia pedeli. Kwenye baiskeli ya milimani katikati ya fremu pameinuliwa ili pavuke mawe na mizizi, kwa hiyo ukikaa kwa urefu sahihi utagusa chini kwa ncha za vidole tu, na ukisimama unashuka kitini.

Egemea ukuta, vaa viatu utakavyoendeshea. Weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha mguu mahali pake, ule mwamba wa unyayo nyuma ya vidole ukiwa juu ya ekseli ya pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi husema kiti kiko chini mno au mbele mno; ya nyuma ya goti husema kiko juu mno. Nyonga zikiyumba kulia na kushoto, hapo pia umepitiliza. Panda milimita 5 kwa mara moja, endesha siku mbili tatu, ndipo upande tena. Zungushia nguzo ya kiti kipande cha utepe ili usipoteze ulipokuwa.

Nguzo hiyo ina mstari wa mwisho. Ukiuona uko nje ya fremu, umepita, na fremu inaweza kupasuka pale juu. Kiti chenyewe kilale sawa kama meza. Pua ikiinama, mikono itabeba mwili na viganja vitakufa ganzi. Ukifika mteremko mkali, shusha kiti sentimita 5 au zaidi ili mwili upate pa kurudi nyuma, na ukifika chini ukipandishe hadi kwenye utepe.

SWALI: Ubavuni mwa tairi pameandikwa 30–54 psi. Nijaze ngapi? Nina kilo 75, tairi ni 29 x 2.25, zina tyubu. — Pampu Mkononi

JIBU: Namba hizo za psi, kipimo cha mgandamizo wa hewa, ni mipaka, si maagizo. Wengi hujaza ile kubwa, kisha hulalamika kwamba baiskeli inarukaruka na tairi halishiki kwenye changarawe. Kwa uzito wako na tairi hizo, anza na psi 26 hadi 28 mbele na 29 hadi 31 nyuma, ikiwa mpaka wa chini wa tairi lako unaruhusu. Lako linasema 30, kwa hiyo anza na 30 kote, kisha nyuma uongeze 2. Pampu yenye kipimo cha bar? Bar 1 ni psi 14.5.

Jinsi ya kujua umeshuka mno: ukigonga jiwe unasikia rimu ikilia, au unapata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Hayo ni tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na rimu. Msumari hutoboa moja. Ongeza psi 2 kila pancha ya aina hiyo ikitokea. Asiye na tyubu, anayetumia maji ya kuzibia, anaweza kushuka psi 3 hadi 5 chini ya hapo, lakini maji hayo hukauka. Yaangalie kila baada ya miezi 2 hadi 4.

Valvu nyembamba ni Presta: fungua kinati cha ncha, kibonyeze kidogo kitoe "psh", ndipo uvalishe pampu. Usipokibonyeza, huwa kimeganda na utadhani pampu ni mbovu. Ile nene ya gari ni Schrader.

SWALI: Baiskeli ina shokapu mbele na nyuma, za upepo. Muuzaji alisema "ziache zilivyo". Naona ya mbele haibonyei kabisa, ya nyuma inabonyea mpaka inagonga. — Mlima na Bonde

JIBU: "Ziache zilivyo" maana yake ni ziache kwa uzito wa mtu asiyejulikana. Utahitaji pampu ya shokapu, ile ndogo yenye mpira mrefu. Pampu ya tairi haifai: tundu la hewa ndani ya shokapu ni dogo sana, na mdundo mmoja wa pampu kubwa hupindua kila kitu.

Tunachopima ni kuzama: shokapu inashuka kiasi gani kwa uzito wako tu, kabla ya jiwe lolote. Vaa kila utakachobeba, hata maji na kofia. Fungua swichi ya kufunga shokapu kama ipo. Bonyezabonyeza mara kumi ili hewa ijipange. Panda ukiegemea ukuta, simama juu ya pedeli kama unayeshuka mlima, mtu mwingine asukume pete ya mpira iliyo kwenye bomba la foku hadi igote kwenye sili, ule mpira unaoziba juu ya mguu wa foku. Shuka taratibu bila kudundisha. Pima kutoka sili hadi pete. Kwa foku ya milimita 100 tafuta milimita 15 hadi 20. Kwa ya milimita 120, 24 hadi 30. Ya nyuma hupimwa ukiwa umekaa, na hapa wengi hukosea hesabu: asilimia 25 hadi 30 ni ya urefu wa fimbo ya shokapu yenyewe, si ya safari ya gurudumu. Fimbo ikiwa na milimita 50, unatafuta 12 hadi 15.

Imezama kidogo, punguza upepo; imezama mno, ongeza; psi 5 kwa mara moja, kisha bonyezabonyeza upya na upime upya. Ukivalisha pampu, kipimo kitaonyesha namba ndogo kuliko uliyoacha jana. Hakuna kilichovuja: hewa imejaza mpira wa pampu. Na ule mfyonzo unaosikia ukiivua ni wa mpira huohuo.

Kuzama kukikaa sawa ndipo uguse mrejeo, yaani kasi ya shokapu kurudi juu, kwa kifundo chenye alama ya kobe na sungura, kwa kawaida chini ya mguu wa kulia wa foku. Kigeuze hadi mwisho upande wa kobe, kisha urudi ukihesabu vibofyo vyote hadi sungura. Simama katikati. Bonyeza usukani kwa nguvu uachie ghafla: foku irudi upesi lakini gurudumu lisiinuke kutoka chini. Njiani, tofauti hujionyesha yenyewe. Ukiwa kwa sungura mno, usukani unakupiga mikono baada ya kila jiwe. Ukiwa kwa kobe mno, jiwe la kwanza linapita vizuri, la pili linauma kidogo, la tatu ni kama huna shokapu kabisa: foku haipati muda wa kurudi juu, inazidi kuzama hatua kwa hatua. Watu wakisikia ugumu huo hupunguza upepo, na hali inakuwa mbaya zaidi. Andika idadi ya vibofyo kwenye karatasi. Ukibadilisha upepo, mrejeo nao hubadilika, kwa hiyo gusa kimoja kwa wakati mmoja.

Wenye foku ya springi: kile kifundo cha kuongeza ukakamavu hubana springi kidogo tu. Kama bado inagonga baada ya kukizungusha chote, springi ndiyo ya kubadilisha.

SWALI: Breki za diski ni mpya lakini hazishiki, nikizibana zinateleza tu. Ya nyuma inasugua "shii, shii". Nimezipulizia mafuta kidogo kelele ziishe. — Kelele za Diski

JIBU: Hilo la mafuta ndilo kosa pekee kubwa kwenye barua za leo, tulimalize kwanza. Diski hailainishwi kamwe. Toa pedi. Osha diski kwa spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisichotumika kwingine, kisha geuza kitambaa, rudia. Pedi zilizokunywa mafuta mara nyingi haziponi. Unaweza kusugua uso wake kwa msasa na kuzifuta kwa spiriti, ukijua kwamba huenda ukanunua mpya. Gurudumu likiwa nje, usibane mkono wa breki ya haidroliki bila kuweka kibanzi kati ya pedi: pistoni hutoka na kukutana, na kuzirudisha ni kazi.

Kutoshika kwa siku za kwanza ni kawaida hata bila mafuta. Breki ya diski huuma kwa sababu unga wa pedi hupakwa juu ya diski kama ngozi nyembamba, na ngozi hiyo hujengwa na wewe. Tafuta njia tambarare isiyo na watu. Kimbia hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa, bana breki moja taratibu kwa nguvu inayolingana mpaka ubaki na mwendo wa mtu anayetembea, achia. Usifunge gurudumu, wala usisimame kabisa ukiwa umebana, maana pedi ya moto itaacha doa sehemu moja na utasikia mtetemo siku zote. Rudia mara 20 kwa kila breki, kisha mara 10 kwa mwendo mkubwa zaidi. Karibu na mara ya kumi utahisi mkono wa breki ukianza kujibu. Usiguse diski kwa kidole kujaribu kama imepata moto. Imepata.

Sasa "shii". Kama inasugua muda wote, kalipa imekaa upande. Legeza bolti zake mbili mpaka itikisike, bana mkono wa breki, uendelee kuubana huku ukikaza bolti kwa zamu hadi Nm 6 au 8. Ikibaki, weka karatasi nyeupe sakafuni chini ya kalipa na uchungulie kutoka juu: utaona mistari miwili ya mwanga, moja kila upande wa diski. Sogeza kalipa kwa mkono mpaka mistari ilingane. Kama inasugua mara moja tu kwa kila mzunguko, diski ndiyo iliyopinda, na kalipa haina hatia. Breki za waya zina tofauti: pedi ya ndani kwa aina nyingi haisogei yenyewe, husogezwa kwa kifundo karibu na spoku.

Mkono wa breki ukigusa hendeli au ukiwa kama sponji, kuna hewa ndani. Fundi aitoe, na asome kifuniko cha tangi kabla ya kumimina chochote: breki za mafuta ya madini na breki za DOT, aina nyingine ya kimiminiko cha breki, haziazimani, sili huvimba.

SWALI: Wiki ya kwanza gia zilikuwa laini. Sasa nikipandisha, mnyororo unasita, unagonga, kisha unaruka. Nigeuze skrubu ipi kati ya zile mbili? — Msita Gia

JIBU: Hakuna. Ziache. Mbili hizo, zenye H na L, ni kuta. H humzuia mnyororo asianguke nje ya spoketi ndogo, L humzuia asiingie kwenye spoku. Kama wiki ya kwanza kuta zilikuwa mahali pake, hazijahama. Kilichohama ni waya. Watu husema umevutika. Kwa kweli ni ganda lake lililojipanga, ncha zimezama kwenye vikombe vyake, na waya umepata ulegevu wa milimita moja hivi. Milimita moja inatosha kuharibu gia 12.

Inua gurudumu la nyuma. Weka mnyororo kwenye spoketi ndogo kabisa, bofya hadi gia ziishe. Tafuta kipipa, kile kinati cha vidole pale waya unapoingia kwenye direla, kile kifaa kinachohamisha mnyororo, au kwenye swichi ya usukani. Zungusha pedeli kwa mkono, bofya mara moja. Mnyororo upande spoketi ya pili mara moja. Ukisita, waya umelegea: geuza kipipa kinyume cha saa, ukikitazama kutoka upande waya unakoingilia, robo mzunguko. Bofya tena. Ukiruka ya pili na kugusa ya tatu, au ukisita wakati wa kushuka, waya umekaza mno, rudi robo. Panda hivyo spoketi baada ya spoketi, kisha shuka. Robo mbili tatu humaliza kazi nyingi. Ukijikuta umegeuza mizunguko miwili mizima, simama. Tatizo ni lingine.

Na hilo lingine mara nyingi ni sikio la direla, kipande kidogo cha aluminiamu kinachoishika direla kwenye fremu. Limefanywa laini kwa makusudi, lipinde lenyewe kabla fremu haijapinda. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, au sanduku likilaliwa njiani, hupinda. Chuchumaa nyuma ya baiskeli: vigurudumu viwili vya direla na spoketi vionekane katika mstari mmoja wa wima. Dalili yake ni hii, ukirekebisha gia za chini, za juu zinaharibika, na ukirudi za juu, za chini zinaharibika. Hakuna kipipa kinachotibu hilo. Fundi ana kipimo cha kulinyoosha, au unanunua lingine la fremu hiyohiyo.

Kabla ya mlima wa kwanza, fanya jaribio moja la L: ukiwa umesimama, mnyororo ukiwa kwenye spoketi kubwa, sukuma direla kwa kidole kuelekea spoku. Isisogee zaidi. Ikisogea, kaza L kidogo kwa mwelekeo wa saa. Direla ikiingia kwenye spoku gurudumu likizunguka, sikio, direla na spoku huondoka pamoja.

SWALI: Kuna "tik" kila nikikanyaga pedeli. — Tik

JIBU: Inuka kitini uendelee kukanyaga. Ikinyamaza, ni kiti au nguzo yake: toa, futa, paka grisi ikiwa nguzo na fremu ni za chuma au aluminiamu, kaza. Ikiendelea, kagua pedeli, kisha bolti za krenki. Krenki ya tundu la mraba hukazwa kwa Nm 35 hadi 40, na usiendeshe hata kilomita tano ikiwa imelegea: ekseli ngumu hulitafuna lile tundu la aluminiamu likawa la duara, na baada ya hapo halikazi tena.

SWALI: Naweza kutumia oili ya injini kwenye mnyororo? Au ile dawa ya kupulizia ya kutu? — Mnyororo Mkavu

JIBU: Oili ya injini hulainisha, lakini hukusanya vumbi likawa kama msasa wa maji. Ya kupulizia huosha mafuta yaliyokuwemo na kuondoka. Tumia mafuta ya mnyororo: tone moja kwa kila pini, upande wa ndani, huku ukizungusha pedeli kinyumenyume. Subiri dakika kumi, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kisafi. Mafuta yanayotakiwa ni yaliyo ndani ya pini. Na funika diski.

SWALI: Nirudi kwa fundi baada ya muda gani? — Mwangalifu

JIBU: Baada ya kilomita 100 hivi, au ndani ya mwezi, kutegemea kipi kinatangulia. Mwambie akague waya wa gia, shingo, krenki, bolti za stemu, na hasa spoku. Safari ya kwanza huenda ulisikia "ting, ting" kutoka kwenye magurudumu. Hizo ni spoku zilizosokotwa kiwandani zikijinyoosha, na zikishajinyoosha hulegea kidogo. Wewe mwenyewe unaweza kuzijaribu ukiwa nyumbani: zishike mbilimbili kwa vidole, uzikandamize pamoja kuzunguka gurudumu lote. Upande wa kulia wa gurudumu la nyuma huwa mkakamavu kuliko wa kushoto, kwa hiyo linganisha upande kwa upande wake. Moja ikiwa laini kati ya ngumu, tia alama kwa utepe na umwonyeshe. Ukiikaza mwenyewe bila kutazama rimu, gurudumu litaanza kuyumba, na breki ya diski haitakuonya kama zile za zamani za mpira zilivyokuwa zikionya.